Ugali wa Asubuhi

Nakumbuka asubuhi moja niliyomwona mama mkwe wangu akila chakula cha mwanawe aliyepotea baharini. Alikila chote, hakubakisha hata mchuzi. Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo, Nassoro mwanangu, tena nina mtoto anayetambaa, na siku ile nilimchukia yule mama kwa muda ambao si mrefu lakini ni wa kweli. Kaa hapo kwenye kigoda nikusimulie. Simu iweke mfukoni. Na usiniambie una abiria anakusubiri Boko, maana pikipiki umeiegesha hapo tangu asubuhi na abiria mwenyewe sijamwona.

Jana uliingia hapa unahema na habari za wavuvi wetu ambao hawajarudi. "Bibi, wameonekana! Wako Mafia, wazima wote!" Nikakuuliza nani kawaona. "Imo kwenye grupu, bibi. Kuna jamaa wa feri katuma." Jamaa huyo jina lake nani? Hujui. Naye kaambiwa na nani? Hujui. Lakini ulikuwa umeshageuza, unataka kukimbilia nyumba ya nyuma ukamwambie Neema kwamba mumewe yu hai. Nikakushika shati mpaka kifungo kikaruka. Najua ulininunia, ukaona bibi amekuwa mkorofi uzeeni. Mkorofi nilikuwa tangu zamani, muulize babu yako, Mungu amrehemu, angekueleza. Ila jana sikuwa na pumzi ya kukupa sababu. Leo ninayo.

Nianze na ugali. Nyinyi mmezoea kunywa chai asubuhi na chapati zenu za kununua. Nyumba ya mvuvi wa usiku haiendi hivyo. Mume anatoka jua likizama, anakesha kwenye taa akivua dagaa na vibua, anarudi watu wengine wakienda kazini. Huyo humpi chai. Anataka ugali wa moto na mchuzi wenye ndimu, ale ashibe, ndipo alale. Kwa hiyo hapa Ununio, enzi zile bado ni minazi mitupu na vibanda, kabla hamjatujengea mageti na mbwa, ulikuwa ukipita asubuhi unajua kila nyumba ya mvuvi ilipo. Moshi unafuka, mwiko unagonga sufuria. Mwanamke anayesonga ugali saa hizo ana mume baharini, naye anamngoja. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Mume wangu wa kwanza aliitwa Athumani. Huyo ndiye babu yako wa damu; babu uliyemjua wewe alikuja baadaye, akamlea mama yako, usichanganye. Athumani alikuwa mrefu, mcheshi, anaimba ovyo, na alikuwa na sahani yake ya bati yenye maua mekundu ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuilia. Ukimpakulia kwenye nyingine anakuuliza kama amefukuzwa nyumbani. Tuliishi na mama yake, Bi Mwanahawa, mwanamke mfupi mwenye maneno machache. Baba yao alikwisha kufa. Athumani ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee, na mimi nilikuwa na Mwajuma, mama yako, ananing'ang'ania kanga.

Usiku mmoja bahari ikachafuka ghafla. Vyombo vingine vikakimbilia nyuma ya kisiwa, asubuhi vikaingia kimoja kimoja. Chombo cha kina Athumani hakikuingia. Mimi nilisonga ugali kama kawaida, nikapakua kwenye sahani ya maua, nikafunika na kawa. Ukapoa. Nikasema injini imewafia, watavutwa na wenzao. Mchana mama mkwe akachukua ule ugali akawamwagia kuku, akaosha sahani, akairudisha mahali pake.

Wanaume walitafuta. Walikwenda na vyombo vyao, wakarudi macho mekundu. Kisha zikaja habari kutoka upande wa Bagamoyo kwamba zimeokotwa mbao. Mzee mmoja akaleta kipande kimoja kwa baiskeli, kimepakwa rangi ya kijani, na jina la chombo bado linasomeka. Na taa moja ya karabai, kioo kimevunjika. Watu walijaa uwanjani wakikitazama kile kipande cha ubao, hakuna aliyetaka kukishika. Jioni ile shehe wa mtaa alikaa na familia zote. Akasema bahari imeshatoa ushahidi wake, wenzetu wasaliwe ghaibu, bila maiti, wasomewe hitima, na wake zao waingie eda.

Wenzangu waliingia ndani. Walilia, wakavua bangili, wakakaa. Mimi nilikataa.

Usidhani nilikuwa mkaidi bure. Nilikuwa na neno la kushika. Athumani alikuwa na rafiki yake kipenzi, Shabani, kijana wa nyumba ya tatu, ambaye usiku ule homa ilimzuia asiende. Shabani alikuja kunipa pole, akanikuta nimejilaza sakafuni nalia mpaka sauti imekauka, mtoto naye analia pembeni. Akasimama pale mlangoni, hajui aingie au atoke. Ghafla akasema, "Rukia, acha kulia. Kuna mtu katoka Mafia. Anasema kuna wavuvi waliokolewa kule, na mmoja mrefu, anaimbaimba."

Mwanangu, niliinuka kama sijawahi kulia. Nikaosha uso. Nikambeba mtoto, nikamwambia, "Baba yako yuko Mafia." Nilipotoka uani nilikuwa nacheka.

Toka hapo kila asubuhi nilisonga ugali. Mtaa mzima moshi wa wavuvi waliopotea ulikuwa umezimika, isipokuwa wangu. Na watu, kwa huruma yao, wakaanza kunilisha habari. Huyu kasikia Mafia wamepewa nguo. Yule kasikia kuna mmoja mguu umevunjika, ndiyo maana hawasafiri. Mwingine kaja na habari ya Kilwa, mwingine kaja na mganga wake aliyemwona Athumani kwenye maji ya bakuli, amekaa chini ya mnazi. Nilizipokea zote. Habari zikipishana nilichukua iliyo nzuri, nyingine nikaiacha. Fundi mmoja wa vyombo aliniambia kwa upole kwamba mbao zimeokotwa kaskazini, Mafia iko kusini, na maji hayampeleki mtu huku mbao zake yakazipeleka kule. Nilimwambia arudi kwenye misumari yake.

Wajane wenzangu ndio niliowaumiza zaidi, bila kujua. Waume zao walikuwa chombo kimoja na wangu. Kila moshi wangu ulipofuka, nao walioko ndani walianza kujiuliza kama wamewazika watu hai. Mmoja wao, Mwanaisha, alikuwa akimtuma mama yake aje aniulize kama kuna lolote. Na mimi nilikuwa nalo daima.

Mama mkwe wangu alikuwa kimya. Mchana anawamwagia kuku, anaosha sahani, anairudisha. Kuku wetu walinenepa msimu ule kuliko misimu yote.

Basi nikaamua kwenda Mafia. Nitapanda chombo, nimfuate mume wangu, kama mguu umevunjika nimuuguze huko huko. Nikafunga nguo za mtoto kwenye furushi. Nikamwomba Shabani anisindikize, maana ndiye aliyemjua yule mtu wa Mafia. Shabani akasema sawa, lakini jasho lilimtoka. Leo nikikumbuka nahisi alikuwa akiomba chini kwa chini bahari ichafuke tena tusiondoke. Mama nilimwambia jioni, akanitazama sana, halafu akaniambia, "Asubuhi kabla hamjatoka, mwambie Shabani aje apite hapa."

Shabani alikuja asubuhi, kavaa shati lake la sikukuu. Mimi nimeshasonga, nimepakua, nimefunika na kawa kama siku zote. Mama akatandika mkeka. Akaleta birika na beseni kama amefikiwa na mgeni mkubwa, akamnawisha Shabani mikono yeye mwenyewe. Kisha akafunua kawa, akaisogeza mbele yake sahani yenye maua mekundu.

Nilishtuka. Sahani ile hakuna mwingine aliyewahi kuilia.

"Kula, mwanangu," mama akasema.

"Mama, mie nimeshakunywa chai."

"Chai ni maji. Una safari, kula. Mwenzio yu hai, si ndiyo? Basi hatakasirika. Ukimkuta huko mwambie sahani yake uliilia wewe, mcheke."

Shabani akakata tonge. Akalibonyeza. Akalichovya kwenye mchuzi. Likafika nusu ya njia kwenda mdomoni, mkono ukasimama pale pale, mchuzi ukawa unadondokea shati la sikukuu.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kula chakula cha Athumani."

"Kwa nini usiweze? Umesema kaonekana."

Akalirudisha tonge sahanini. Akainamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. "Hakuna mtu wa Mafia, mama. Hakuna aliyeniambia kitu. Mie nimetunga. Nilimkuta Rukia pale chini analia namna ile, nikashindwa. Nilijua ni ya siku mbili tu, mpaka atulie. Halafu watu wakadaka, wakaongeza ya kwao, nikashindwa kurudi nyuma."

Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumng'oa macho. Lakini nilibaki nimesimama mlangoni na furushi la mtoto begani, namsikia mama akizungumza kwa sauti ile ile ya siku zote, wala hakuipandisha.

"Shabani, mie najua unampenda mwenzio, na mkewe unamhurumia. Lakini siku ile hukutaka Rukia apone. Ulitaka anyamaze. Kilio chake kilikuwa kinakuuma wewe, ukatafuta dawa yako, ukamnywesha yeye."

Kisha akafanya lile nililokuambia. Akamsogeza Shabani pembeni, akakaa yeye mahali pa mwanawe, akavuta sahani. Akaanza kula. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, anatafuna, anameza, machozi yanamshuka mpaka kidevuni na yeye hayafuti. Alilila hata lile tonge la Shabani. Mwajuma alitambaa akaenda kumkalia mapajani, akamlisha kidogo, akaendelea. Alipomaliza alipangusa sahani kwa kidole mpaka yale maua yakaonekana yote.

"Mie ndiye niliyemtia chakula mdomoni mara ya kwanza," akasema. "Leo nimekula kilichobaki. Rukia, chakula cha mumeo kimeliwa. Kesho asubuhi usipike."

Hapo ndipo nilipomchukia. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia mbele yako. Aliyangoja yaishe, akaniita, nikaenda, nikaanguka pale kwenye mkeka, akanishika kichwa kwa mkono ule ule unaonukia vibua na ndimu. Nililia kilio ambacho Shabani alikikatiza siku ile. Kilikuwa kimekaa kinaningoja, hakikupungua hata kidogo.

Kesho yake sikupika. Hatukumtuma mtu kutangaza, hatukupiga mbiu. Jua lilipopanda na moshi wetu haukuonekana, wanawake wa mtaa walianza kuja, mmoja mmoja, kanga kichwani, wamejua. Aliyekuja na maji, aliyekuja na unga, aliyekuja mikono mitupu akakaa tu. Athumani akasaliwa. Hitima ikasomwa. Nikavua bangili, nikaingia ndani. Mwanaisha, yule mjane mwenzangu, alimtuma mama yake kwa mara ya mwisho. Safari hii hakuuliza kitu. Alileta ujumbe kwamba usiku wa jana binti yake amepata usingizi.

Nilipokuwa eda nilimuuliza mama swali lililokuwa likinikereketa. "Mama, wewe ulijua?"

"Nilijua tangu ulipoletwa ule ubao."

"Mbona ulininyamazia muda wote ule?"

Alikuwa anachambua mchele. "Kwa sababu kila ulipokuwa unapakua, na mie nilikuwa nasikiliza mlangoni kama anaingia."

Shabani sikumsamehe upesi, nisikudanganye. Lakini aliporudi baharini hakuna siku aliyotoka pwani bila kupitisha kitoweo kwetu. Anakiweka mlangoni, anabisha hodi, anaondoka. Alifanya hivyo mpaka mama yako akavunja ungo. Na mtu akimuuliza habari ya chombo chochote, alikuwa anajibu, "Sijaona kwa macho yangu, sijui." Watu wakamwita Sijui. Lilikuwa jina la utani, lakini siku akisema amejua, pwani nzima inamsikiliza.

Sasa nikurudie wewe. Nakuona unataka kuniambia kwamba zamani hakukuwa na simu, siku hizi habari zinahakikishwa. Zinahakikishwa na nani, Nassoro? Ile ya jana imepita mikono mingapi, na kila mkono umeongeza chumvi yake? Neema ni mtoto wa watu. Mumewe, Mashaka, ni mtu wa ziwani, katoka Ukerewe kuja kuvua kwetu, ndugu zake hawako hapa. Kila anayekuja na neno, Neema anaamini huyo ndiye ndugu. Ukimwambia yuko Mafia, atakwenda Mafia, na mimba ile.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, maana hili ndilo nililokuitia. Ukisikia habari ya mtu aliyepotea, usiibebe kwenda kwa mkewe ikiwa bado ya moto. Nenda kwa viongozi wa wavuvi pale pwani, wampigie mtu aliyeko huko, mtu mwenye jina, na sauti ya Mashaka mwenyewe isikike kwenye simu. Ikisikika, njoo mbio, gonga hata dirisha langu, nitacheza ngoma na miguu yangu hii mibovu. Isiposikika, nyamaza. Mwanamke akilia mbele yako, mwache alie, na wewe kaa hapo hapo uumie naye. Hutakufa. Akikuuliza mume wangu yuko wapi, mwambie sijui, kisha uchukue ndoo ukamtekee maji. Sijui ni neno la heshima, mwanangu, kwa mtu anayestahili ukweli.

Na wala usije ukamwambia kinyume chake, kwamba amekufa, akubali. Hilo nalo si lako. Wako wanaopotea wakarudi, nimewaona kwa macho yangu wakishuka ngozi imewababuka na chumvi. Mpaka leo hakuna ubao ulioletwa. Asubuhi hii nimejikongoja mpaka kwa Neema. Akaniamkia, "Shikamoo bibi," huku anasonga ugali. Nikamwitikia marahaba, nikachukua kigoda nikakaa. Sikumuuliza anampikia nani. Nimemkatia ndimu.

Nimekaa pale mpaka ulipopoa, akaufunika. Akaniambia kwamba mama yake Mashaka alikwisha kufariki, yeye mwenyewe hata kumwona hakumwona. Neno hilo limenirudisha nyumbani polepole, ndiyo maana nimekuita.

Mashaka alikuwa ananiita mama. Akirudi, atakula mwenyewe na nitamsema kwa kutuchelewesha. Lakini ikija siku nyingine, siku ambayo simwombei, wewe utanishika mkono mpaka kwa Neema. Utanitandikia mkeka, utaninawisha. Ugali wa Mashaka nitaula mimi, wote, na meno yangu haya matatu. Hataachiwa binti wa watu aumalize peke yake.

Mungu awashushe pwani wote walioko kwenye maji usiku huu. Mungu akupe wewe ulimi mzito na mkono mwepesi, upate kuwa mtu ambaye mtaa unamwamini akisema amejua. Haya, amka. Ndoo iko nyuma ya mlango. Kamtekee Neema maji.